Uji wa mahindi hautoi ethanoli ya kutosha: tafuta kwanza sukari imekwama wapi

Tangi likinyamaza kabla ya wakati wake, wengi hukimbilia kuongeza hamira. Uji ukigoma kulainika, wanaongeza kimeng'enya. Mara chache inasaidia. Mara nyingi ni kupoteza pesa, kwa sababu kilichopungua hakikuwa hamira wala kimeng'enya.

Mwongozo huu unashika njia nyingine. Wanga wote ulioingia kwenye tangi uko mahali fulani: bado ni wanga, umekatwa ukawa dekstrini (vipande vifupi vya wanga), umekuwa glukosi, umekwisha kuwa ethanoli na kaboni dioksidi, au bakteria wameuchukua wakaugeuza asidi. Ukishajua umekwama hatua gani, vyanzo vinavyobaki vya kuchunguza ni vichache.

Kwa anayeanza, safari yenyewe ni hii. Unga unakorogwa na maji, unapashwa moto, na kimeng'enya kiitwacho alfa-amilasi kinakata minyororo mirefu ya wanga kuwa dekstrini. Uji mzito unageuka mwepesi. Kisha kimeng'enya cha pili, glukoamilasi, kinatafuna dekstrini kutoka nchani na kutoa glukosi moja moja. Hamira inakula glukosi hiyo na kutoa ethanoli. Siku hizi kazi mbili za mwisho hufanyika pamoja, ndani ya tangi moja, kwenye nyuzi joto 30 hadi 33, kwa saa 48 hadi 72.

Vipimo vinne kabla ya kugusa chochote

Cha kwanza ni iodini. Chuja uji kidogo kwa kitambaa, uache upoe kabisa, weka matone machache kwenye sahani nyeupe, kisha dondoshea tone moja la iodini. Angalia rangi pale tone linapokutana na uji. Ikiwa buluu iliyokoza hadi nyeusi, wanga bado mzima. Ikiwa zambarau au hudhurungi nyekundu, una dekstrini. Ikibaki njano ya iodini yenyewe, minyororo imeshakatwa fupi. Watu hukosea hapa kwa njia mbili. Sampuli ya moto haionyeshi buluu hata kama wanga umejaa, kwa kuwa joto hufuta rangi hiyo. Na sampuli isiyochujwa huonyesha madoadoa ya buluu kutoka kwenye chenga za mahindi, ilhali majimaji yenyewe ni safi. Madoadoa hayo yana habari yake, nitayarudia.

Cha pili ni haidromita, kwa kupima uzito wa majimaji yaliyochujwa. Kumbuka ethanoli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo mwishoni namba inaweza kushuka hata chini ya ile ya maji matupu. Kipima sukari cha kutazamia kwenye mwanga ni kizuri kabla ya uchachushaji, lakini ethanoli ikishaingia kinadanganya: kinaonyesha sukari nyingi kuliko iliyopo.

Cha tatu ni glukosi pekee, kwa vijikaratasi vya kupimia, baada ya kuzimua sampuli kwa maji hadi iingie kwenye kiwango ambacho kijikaratasi kinaweza kusoma. Cha nne ni pH, kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi. Mwenye maabara inayotenganisha dekstrini, maltosi, glukosi, gliseroli, asidi ya laktiki na ya asetiki ataona mambo kwa undani zaidi, lakini hivi vinne vinatosha kwa sehemu kubwa ya matatizo.

Uji haulainiki, au una madonge

Hili ndilo linalotokea mapema zaidi, na likipuuzwa linaharibu kila kinachofuata.

Anza na jinsi unga ulivyoingia. Wanga wa mahindi huvimba na kupasuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 72 hivi. Ukimwaga unga kwenye maji yaliyokwisha kuchemka, kila konzi ya unga inajifunika ngozi ya wanga ulioiva, na ndani inabaki kavu. Kimeng'enya hakipenyi ngozi hiyo. Pasua donge moja kwa kidole: ukikuta unga mkavu katikati, huna haja ya kutafuta sababu nyingine. Koroga unga kwenye maji ya vuguvugu, chini ya nyuzi 60, tia sehemu ya alfa-amilasi hapo hapo, theluthi moja inatosha, ndipo upandishe joto huku kikorogeo kikizunguka. Hivyo kimeng'enya kinakuwa kimeshasambaa wakati wanga unaanza kuvimba. Theluthi mbili zilizobaki zinaingia baada ya uji kuiva, kwenye nyuzi 80 hadi 88.

Kama hakuna madonge ila uji wote ni mzito, tazama pH. Uji wa mahindi wenyewe huwa kati ya 5.5 na 6, na alfa-amilasi nyingi za kawaida hupenda hapo. Lakini ukitumia tena majimaji yaliyobaki baada ya kukeneka (kuitenga ethanoli kwa mvuke) badala ya maji safi, na wengi hufanya hivyo ili kuokoa maji na joto, pH inashuka bila mtu kuona. Chini ya 5, alfa-amilasi za aina ya zamani hupoteza nguvu haraka. Zipo aina mpya zinazovumilia asidi. Soma karatasi ya kimeng'enya chako, usifuate namba za mtu mwingine. Karatasi hiyo hiyo itakuambia kama kinahitaji kalisi. Maji laini sana yanaweza kukinyima.

Halafu joto. Alfa-amilasi ya bakteria inavumilia nyuzi 85 vizuri, lakini ukiupitisha uji kwenye mvuke wa nyuzi 105 na zaidi, sehemu kubwa ya dozi ya kwanza inakufa. Ndiyo maana ya ile dozi ya pili. Anayetumia kimea badala ya kimeng'enya cha dukani ana sheria nyingine kabisa: vimeng'enya vya kimea havistahimili nyuzi 85. Pika mahindi kwanza, poza hadi 65 au chini kidogo, ndipo kimea kiingie. Nimeona maelekezo ya kimeng'enya cha bakteria yakifuatwa neno kwa neno kwa kimea, na matokeo yake ni uji mtamu kidogo ambao hauendi popote.

Kosa moja halitibiki kwa kuongeza kimeng'enya: kuuacha uji ulioiva upoe polepole kabla haujalainika. Minyororo ya wanga inajipanga upya na kukaza kiasi kwamba kimeng'enya hakiwezi kuikata. Iodini itabaki buluu hata ungoje hadi kesho. Dawa ni kupika tena, pH ikiwa sawa na kimeng'enya kikiwa ndani.

Ukishaangalia yote hayo ndipo ushuku kimeng'enya chenyewe. Kilikaa juani? Kiliganda? Kimepita muda wake? Jaribu kwa vikombe viwili vya uji ule ule, pH na joto sawa, kimoja na chupa yenye shaka na kingine na chupa mpya. Ndani ya nusu saa tofauti itaonekana kwa kuinamisha kikombe tu. Ukishika kimeng'enya cha unga, vaa barakoa. Vumbi lake likivutwa linaweza kuleta mzio wa kifua ambao hauishi.

Mahindi yaliyosindikwa hayana tabia moja

Sababu nyingi za kushangaza zinatoka hapa, kwa sababu watu husema "unga wa mahindi" kana kwamba ni kitu kimoja.

Unga wa punje nzima una kiini, na kiini kina mafuta, protini, madini na vitamini. Unga uliokobolewa umepoteza sehemu kubwa ya hivyo. Wanga ni mwingi zaidi kwa kila kilo, jambo zuri, lakini hamira inakaa njaa. Wanga safi uliotengwa kiwandani ni mkali zaidi: hauna chakula chochote cha hamira, na hauna kitu cha kuizuia pH isishuke ghafla. Unga uliokwisha kupikwa na kukaushwa, kama ule wa chembe bapa au uliopitishwa kwenye mashine ya joto na mgandamizo, unakuwa mzito mara tu ukigusa maji, hata baridi. Huo unyunyizie polepole kwenye maji yenye kimeng'enya tayari.

Usagaji nao una neno. Chenga kubwa huficha wanga ndani, na hapo ndipo madoadoa ya buluu ya iodini yanaposema: majimaji ya njano, chenga za buluu, maana yake unatupa wanga pamoja na machicha. Kausha machicha kidogo, yasage laini, yapike upya na kimeng'enya kwenye kikombe, kisha pima glukosi. Ikitoka nyingi, badilisha chekeche ya kinu. Ila usiende hadi unga wa vumbi. Unga laini mno huleta madonge na unafanya kazi ya kutenganisha machicha iwe ngumu.

Uji mwepesi, hamira hai, lakini kasi ni ndogo na glukosi iko karibu na sifuri

Hapa wengi hupotea, kwa sababu glukosi kuwa chini inaonekana kama dalili njema. Tazama haidromita: kama majimaji bado ni mazito ilhali glukosi haipo, sukari imekwama kwenye dekstrini. Hamira inamaliza kila glukosi inayotoka, kisha inangoja. Iodini itakuwa hudhurungi, au njano kama dekstrini ni fupi.

Hili ni tatizo la glukoamilasi. Inafanya kazi vyema kwenye pH 4 hadi 5, kwa hiyo uji uliolainishwa kwenye pH karibu 6 lazima ushushwe. Ukisahau kuushusha, inafanya kazi kwa kuchechemea. Dozi ikiwa ndogo, au ikitiwa uji ukiwa bado na nyuzi 80, matokeo ni yale yale. Hapa kuongeza kimeng'enya kunasaidia kweli, baada ya kurekebisha pH, na tangi likiwa bado hai linaweza kuokolewa hata siku ya pili. Kwenye nyuzi 32 glukoamilasi ni ya polepole kuliko kwenye 60, basi subira inahitajika.

Kuna wanaoona upole huo na kuamua kugeuza dekstrini yote kuwa sukari kwanza kwenye nyuzi 60 kwa saa nyingi, ndipo wapoze na kutia hamira. Kwa uji mwepesi haina neno. Kwa uji wenye asilimia 30 ya vitu vikavu siishauri. Hamira inatupwa kwenye shira nzito inayoivuta maji, inatumia nguvu kutengeneza gliseroli ya kujikinga, na bakteria wanapata karamu kabla haijaamka. Glukosi inayotoka kidogo kidogo ndiyo inayoifaa.

Glukosi ni nyingi na tangi limenyamaza

Sasa lawama ni ya upande wa hamira, na swali la kwanza ni saa ngapi liliponyamaza.

Kama halikuanza kabisa baada ya saa 12, hamira ilikufa mlangoni au iliingia chache mno. Hamira kavu inataka kuamshwa kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 40 kwa robo saa hadi dakika 20, kisha isiachwe ikae humo. Ikitupwa kwenye uji wenye joto tofauti sana inapata mshtuko. Uji uliopozwa juu juu ni mtego mwingine: kipimajoto karibu na ukuta kinasoma 33 wakati katikati bado ni 45.

Kama lilianza kwa kishindo kisha likakata kati ya saa 15 na 30, nashuku joto kabla ya kitu kingine chochote. Uchachushaji wenyewe unatoa joto, na saa hizo ndizo za kilele. Tangi dogo hupoa lenyewe. Kubwa haliwezi bila koili au koti la maji linalozunguka ukuta wake. Nyuzi 35 hamira inavumilia mwanzoni. Lakini joto na ethanoli husaidiana kuiua: kiwango ambacho ilikivumilia siku ya kwanza, siku ya pili ethanoli ikishapanda ni kifo. Kwa hiyo namba ya kuandika ni joto la juu kabisa lililofikiwa, si joto la asubuhi ulipokuja kuangalia.

Kama lilienda vizuri na kukoma mwishoni, sukari kidogo ikibaki, fikiria njaa. Hamira inahitaji nitrojeni inayoweza kuila. Miligramu 150 kwa lita ni kiwango cha chini kwa uji wa kawaida, na uji mzito unataka karibu mara mbili. Protini ya mahindi nyingi haiwezi kuila moja kwa moja. Urea ndiyo inayotumika sana kwa ethanoli ya mafuta na ya viwandani: ina asilimia 46 ya nitrojeni, kwa hiyo nusu gramu kwa lita inaleta miligramu 230. Itie mwanzoni, maana hamira iliyokwisha kulewa haiwezi tena kujenga mwili. Na urea isikaribie kabisa uji wa kinywaji, kwa sababu inapokutana na ethanoli huzaa kiwanja chenye uwezo wa kusababisha saratani.

Hadubini inamaliza ubishi. Changanya tone la uji na tone la methilini buluu, subiri dakika chache, tazama. Hamira hai inaitoa rangi na kubaki nyeupe. Iliyokufa inabaki ya buluu. Ukihesabu mia moja ukakuta zaidi ya kumi ni za buluu tangi likiwa bado changa, kuna kinachoiua. Na kabla hujaondoa jicho, tazama nafasi zilizopo kati ya hamira. Ukiona vijiti vyembamba, vingine viwili viwili au kwa minyororo, umehamia kwenye dalili inayofuata.

Sukari imekwisha, ethanoli haikufika, pH imeshuka mno

Uchachushaji mzuri ulioanza kwenye pH 5 hivi humalizikia karibu na 4 au juu kidogo. Ikienda chini ya 3.8, na harufu ikiwa ya maziwa yaliyoganda, bakteria wa laktiki wamekula pamoja nawe.

Hesabu yake inauma. Glukosi gramu 180 ingetoa ethanoli gramu 92 na kaboni dioksidi gramu 88. Bakteria wakiichukua, inatoka asidi ya laktiki gramu 180 na ethanoli sifuri. Kwa hiyo asidi ya laktiki ya asilimia 0.5 tu ndani ya lita 1,000 ni kilo 5 za glukosi, sawa na lita 3.2 za ethanoli zilizopotea. Na hiyo ndiyo hasara ndogo. Asidi ya laktiki ikikaribia asilimia 0.8, au ya asetiki ikifika asilimia 0.05, hamira yenyewe inaanza kuzubaa, na ndipo glukosi inapobaki juu. Mtu anaongeza hamira, nayo inakutana na asidi ile ile.

Wanatoka wapi? Si kwenye unga hasa, kwa kuwa upikaji unawaua walio wengi. Wanakaa baada ya jiko: kwenye mabomba ya kupoozea, ndani ya vali, kwenye kona ambazo maji ya kusafishia hayapiti, kwenye tangi dogo la kukuzia hamira, na kwenye mpira uliolazwa sakafuni. Pima pH au tazama hadubini hatua kwa hatua kuanzia jikoni kwenda mbele. Pale vijiti vinapoonekana mara ya kwanza ndipo pa kufungua na kusugua. Soda kaustiki ya moto, asilimia 2 hadi 3 kwenye nyuzi 80, inafanya kazi kama uchafu mgumu umeshaondolewa. Suuza vizuri baadaye, maana sodiamu inayobaki, hasa kwa anayezungusha majimaji ya machicha, inajilimbikiza mzunguko kwa mzunguko na kuidhoofisha hamira. Viwandani hutumia viuavijasumu. Mimi naviweka mwisho: bakteria huvizoea, na mabaki yanaweza kuingia kwenye machicha anayolishwa mnyama.

Harufu ya siki ni habari nyingine. Ikija pamoja na ya maziwa, bakteria wa laktiki wa aina fulani hutoa zote mbili. Ikija yenyewe mwishoni, hewa inaingia. Ziba.

Povu

Jaza tangi hadi asilimia 80 au 85 tu, na uwe na dawa ya kuzuia povu karibu. Povu linalopanda ghafla siku ya pili wakati halikuwepo ya kwanza hudokeza bakteria. Zaidi ya hapo povu ni usumbufu kuliko tatizo.

Gesi iliyo chini yake ndiyo ya kuogopa. Kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa, haina rangi, inajaa tangi lililomwagwa na kulala kwenye vyumba vya chini. Mtu anainamia kuchota sampuli na kuanguka, wa pili anamfuata kumwokoa. Asiingie mtu ndani ya tangi ambalo halijapulizwa hewa na kupimwa.

Kila kipimo ni kizuri, lakini lita hazitoshi

Basi kagua hesabu kabla ya mtambo. Tani moja ya mahindi yenye unyevu wa asilimia 15 ina kilo 850 za vitu vikavu. Wanga ukiwa asilimia 70 ya hizo, ni kilo 595. Wanga ukivunjwa hujiongezea maji na kuwa glukosi mara 1.11, yaani kilo 660, ambazo kwa kadiri ya juu kabisa ni kilo 337 za ethanoli, karibu lita 428. Hakuna anayeipata yote. Hamira inajenga mwili wake na kutoa gliseroli. Lita 380 hadi 410 ni kazi nzuri. Anayelalamika kwamba amepata 360 kutoka kwa mahindi yenye unyevu wa asilimia 22 alinunua maji kwa bei ya wanga, na mtambo wake hauna kosa.

Kama unyevu ni sawa, pima gliseroli ukiweza. Ikizidi sana asilimia 1.5 hamira iliteseka kwa joto, shira nzito au chumvi, hata kama ilimaliza. Kisha angalia machicha, kwa jaribio lile la kuyasaga na kuyapika upya.

Mahindi yenye kuvu

Haya huchachuka, na ethanoli iliyokenekwa hutoka safi, kwa sababu sumu ya kuvu haipandi na mvuke. Lakini pia haifi kwenye kupika wala kwenye hamira. Wanga, ambao ni karibu theluthi mbili ya punje, unaondoka kama ethanoli na gesi, na sumu yote inabaki kwenye theluthi moja, ikiwa imekolea karibu mara tatu. Punje zilizopimwa zikaonekana ziko chini kidogo ya kikomo cha chakula cha mifugo zitatoa machicha yaliyopita kikomo hicho. Pima machicha yenyewe kabla hayajatoka getini.